Krosi ya Propela Shafti Inapogoma Kutoka: Dalili, Visababishi na Hatua za Kuchukua

Krosi, yaani kiungo cha propela shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi kwenye ekseli, ikichakaa ni kitu cha kutupwa, lakini yoki inayoishikilia, yaani uma wa chuma wenye masikio mawili, ni sehemu ya shafti yenyewe, na gari litaendelea kuitegemea muda mrefu baada ya krosi hiyo kusahaulika. Fundi anayeanza kazi akiwa amelikumbuka hilo atajua ni wapi anaweza kutumia nguvu bila huruma na ni wapi asithubutu. Hasara nyingi zinazotokea katika kazi hii, kuanzia sikio la yoki lililopinda hadi bomba la shafti lililobonyea, hazisababishwi na ugumu wa krosi. Husababishwa na kuongeza nguvu kabla ya kujua ni kitu gani hasa kinachozuia. Kwa sababu hiyo maelezo haya yanafuata dalili: kwanza kinachoonekana au kusikika, kisha chanzo chake, kisha njia ya kukiondoa.

Krosi ni msalaba wa chuma wenye mikono minne iliyosuguliwa laini. Kila mkono umevikwa kikombe cha chuma kigumu, ndani yake zimepangwa sindano za beringi, na mdomoni pana sili ya mpira. Vikombe viwili vinavyotazamana hushindiliwa katika masikio ya yoki ya shafti, na viwili vingine hukaa katika yoki au flanji (sehemu inayofungwa kwa boliti) ya upande wa pili. Kwa kawaida kikombe kilicho ndani ya sikio hushikwa na mbano wa tundu lenyewe na kuzuiwa na klipu, basi. Ndiyo maana sababu za kikombe kugoma kutoka si nyingi: ama kuna kizuizi ambacho hakijaondolewa, ama kutu imekamata, ama sikio limepinda, ama msalaba umefika mwisho wa mwendo wake. Fundi akitambua ni ipi kati ya hizo, kazi huwa nyepesi kuliko inavyosimuliwa.

Kuhakikisha kwamba tatizo ni krosi

Dalili zinazotajwa zaidi ni tatu. Ya kwanza ni kishindo kizito cha mara moja unapoingiza gia ya kurudi nyuma au unapoachia mafuta na kukanyaga tena. Ya pili ni mlio mwembamba unaofuata mwendo wa gari, ambao husikika vizuri zaidi gari likienda polepole. Ya tatu ni mtetemo unaopanda kupitia sakafu. Zote tatu zinaweza kutoka mahali pengine, kwa mfano katika meno ya difu (gia zilizo ndani ya ekseli) yaliyolika, katika mpira wa kushikilia gia boksi au katika beringi ya katikati ya shafti yenye vipande viwili, hivyo si busara kuanza kufungua kwa kutegemea sikio peke yake.

Gari likiwa limesimama na magurudumu yamezuiwa, ingia chini, shika shafti kwa mkono mmoja na flanji iliyo jirani na krosi kwa mkono wa pili, kisha zungusha huku na huku kwa vipande vifupi. Pande zote mbili zikisogea kwa pamoja, ulegevu unaouhisi uko ndani ya difu au gia boksi. Upande mmoja ukitangulia hata kwa kiasi kidogo kabla ya wa pili kufuata, krosi imekwisha. Angalia pia mdomo wa kila kikombe: vumbi jekundu la kutu lililojipanga kuzunguka sili maana yake maji yameingia na sindano zinasagana zikiwa kavu. Kuna wanaopaka grisi katika hatua hiyo na kufurahi mlio ukinyamaza, lakini grisi haiwezi kurudisha chuma kilichokwisha kulika, na krosi ya namna hiyo ni afadhali itolewe kabla haijaachia barabarani.

Kabla shafti haijashuka

Gari lisimame juu ya stendi imara, si juu ya jeki, na magurudumu yazuiwe kwa kabari mbele na nyuma. Hatari hapa ni ya pekee, kwa sababu shafti inapofunguliwa uhusiano kati ya gia boksi na magurudumu hukatika, na gari lililokuwa limeshikwa na gia au na nafasi ya P (ya kuegesha) ya gia za otomatiki linaweza kubingirika. Katika baadhi ya magari, Land Rover za zamani zikiwa miongoni mwao, breki ya mkono haiko magurudumuni bali nyuma ya transfa, yaani boksi linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na za nyuma. Huko shafti ya nyuma ikitoka, breki ya mkono haiyashiki tena magurudumu ya nyuma hata ikivutwa mpaka mwisho.

Kisha weka alama. Piga mstari wa rangi au nukta za panchi kutoka kwenye flanji hadi kwenye yoki, na mstari mwingine uvuke mahali pa splaini za kuteleza (mifereji inayoingiliana ili shafti irefuke na kufupika) ikiwa shafti ina sehemu ya namna hiyo. Hatua hii huchukua dakika moja tu, na kuiruka ndiko kunakozaa lalamiko la kawaida kwamba gari linatetemeka zaidi baada ya krosi mpya kuliko kabla. Krosi inayofanya kazi ikiwa na pembe haizungushi upande wa pili kwa kasi moja. Huuharakisha na kuuchelewesha mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya mwisho wa pili hufuta tofauti hiyo, lakini kwa sharti kwamba yoki mbili za shafti zimelingana. Ukirudisha splaini mahali pasipo pake, mtetemo utakaopatikana hautaponywa na krosi nyingine hata iwe bora namna gani.

Boliti za flanji zikizunguka pamoja na shafti, pitisha mtaimbo kati ya masikio ya yoki na uuegemeze mahali pagumu pa chasisi, ukihakikisha kwamba haukandamizi kikombe wala nipeli ya grisi. Tumia spana ya pete au soketi, kwa maana spana ya mdomo wazi huviringisha kichwa cha boliti zilizokazwa kwa nguvu kama hizi. Boliti zikitoka na flanji ikabaki imeng'ang'ania, ni ukingo mdogo wa kutu unaoishika. Igonge kwa ubavuni kwa nyundo laini, na usiingize tindo kati ya nyuso mbili kwa sababu mikwaruzo ya hapo huzuia flanji kukaa sawasawa baadaye. Ikiwa shafti inachomolewa kutoka mkiani mwa gia boksi, tayarisha chombo cha kukinga mafuta. Wakati wote usiiache shafti ining'inie kwa krosi ya upande mmoja tu, kwani uzito wake unaweza kuiharibu krosi ambayo ilikuwa nzima.

Shafti ikiwa mezani, kinachobanwa katika vaisi ni yoki. Bomba halibanwi kamwe, kwa kuwa ni jembamba na mbonyeo mdogo huharibu ulinganifu wake. Vibati vidogo vilivyochomelewa juu ya bomba ni vya kusawazisha uzito, navyo viachwe mahali pake.

Klipu haitoki

Tafuta kwanza klipu iko wapi. Katika krosi nyingi imo katika mfuo ulio ndani ya sikio, juu ya mgongo wa kikombe, na huonekana ukitazama kutoka nje. Katika nyingine klipu huwa na umbo la herufi C, imevaa mfuo wa kikombe chenyewe, na imekaa upande wa ndani wa sikio mahali panapofichwa na grisi kuukuu na matope. Safisha kwa brashi ya waya mpaka uione yote, kisha weka mafuta ya kulegeza kutu na uyape muda.

Ikiwa imesafishwa na bado haitoki, sababu ambayo wengi hawaiwazii ni kwamba kikombe kinaisukuma. Mgongo wa kikombe umeegemea klipu, nayo imebanwa dhidi ya ukuta wa mfuo wake kiasi cha kutoweza kukunjika. Weka kipande cha shaba juu ya kikombe na ukigonge kuelekea ndani pigo moja au mawili, mpaka uone klipu inaweza kuzungushwa ndani ya mfuo kwa ncha ya bisibisi. Klipu inayozunguka itatoka kwa plaizi bila ugomvi. Zile za umbo la C hugongwa kwa ubavu kwa panchi nyembamba hadi ziachie. Vaa miwani ya kinga, kwa sababu klipu ya chuma cha springi huruka kwa kasi usiyoweza kuikwepa.

Klipu ikivunjika, kusanya vipande na uvipange mezani mpaka uone mviringo umetimia. Kipande kilichobaki mfuoni, hata kikiwa kidogo, kinatosha kukizuia kikombe, na ukikilazimisha kitachana ukuta wa tundu. Wakati huohuo fungua nipeli ya grisi, kwani msalaba ukisogea nipeli hukutana na yoki na kukatikia ndani.

Hakuna klipu inayoonekana popote

Hali hii ina maelezo mawili, na ni muhimu sana kuyatofautisha. Baadhi ya shafti zilizotoka kiwandani kwa ajili ya magari ya Chevrolet na GMC hushikwa na plastiki iliyosukumwa ikiwa ya moto katika mfuo ulio kati ya sikio na kikombe. Utaitambua kwa tundu dogo ubavuni mwa sikio lenye alama ya plastiki iliyoganda. Hapo sikio hupashwa moto wa gesi taratibu mpaka plastiki iyeyuke na kuchuruzika nje, kazi ifanyike mahali penye hewa, kisha kikombe husukumwa kama kawaida. Krosi ya kubadilishia huja na klipu za ndani, hivyo kukosekana kwa mfuo katika sikio kusikutishe.

Maelezo ya pili ni krosi iliyokaziwa: ukingo wa sikio umegongwa kuelekea ndani katika nukta kadhaa kuzunguka kikombe, na chuma kilichosukumwa ndicho kinachofanya kazi ya klipu. Mtengenezaji wa shafti ya namna hii alikusudia ibadilishwe nzima. Zipo karakana zenye mashine zinazoweza kuitengeneza upya kwa usahihi, lakini kusaga nukta hizo kwa grenda, kushindilia krosi mpya na kuigonga tena kwa panchi ni kazi nisiyoishauri kwa gari lolote, kwa kuwa hakuna kinachohakikisha kwamba msalaba umekaa katikati ya mhimili wa shafti.

Kikombe hakisogei kabisa

Mpangilio sahihi ni soketi mbili na vaisi imara, au presi kama ipo. Soketi ndogo, yenye kipenyo kilichopungua kidogo kuliko cha kikombe, husukuma kikombe cha upande mmoja. Soketi kubwa, ambayo kikombe kinaweza kuingia ndani yake, hukaa upande wa pili ikiegemea sikio ili kukipokea kinachotoka. Kabla ya kukaza, inama utazame kwa ubavu kama soketi mbili na mikono ya msalaba viko katika mstari mmoja. Soketi kubwa ikipinda au ikikalia ukingo mmoja tu wa sikio, nguvu yote huenda katika kulikunja sikio badala ya kukitoa kikombe.

Kaza kidogokidogo huku ukisikiliza. Kutu inapoachia hutoa mlio mkali wa kupasuka, na mpini wa vaisi hulegea ghafla mkononi. Mpini ukiendelea kuzunguka bila mlio huo na bila kikombe kusogea, kuna kitu kingine kinachopinda, na hapo ni lazima kusimama. Rudia kukagua klipu, ongeza mafuta ya kulegeza kutu, na ikiwezekana yaache usiku kucha. Njia nyingine inayosaidia ni kuacha vaisi imekaza, kisha kuligonga bega la yoki mapigo mafupi yasiyo mazito, kwa kuwa mshtuko huvunja kutu ambayo mkazo wa taratibu haukuweza kuivunja.

Kwa yoki ya chuma, joto linafaa. Pasha sikio, si kikombe, ili tundu litanuke kuzunguka kikombe, na usifikie kiwango cha chuma kuwa chekundu. Kwa shafti ya alumini, sahau moto kabisa, kwa sababu alumini hupoteza nguvu zake bila kubadilika rangi. Sahau pia nyundo nzito, na uipeleke penye presi.

Kama bado imegoma, kata msalaba. Ninashangaa jinsi njia hii inavyoachwa iwe ya mwisho kabisa, baada ya yoki kuteswa kwa saa nzima, ilhali krosi yenyewe haina thamani tena. Kwa grenda ya diski nyembamba, kata mikono ya msalaba karibu na kiini chake, mbali na masikio, uutoe vipandevipande. Sasa kila kikombe kiko peke yake, na kinaweza kugongwa kutoka ndani kwenda nje kwa kipande cha chuma kilichonyooka, sikio likiwa limeegemezwa vizuri kwa upande wa nje. Kikombe kilichokataa kusukumwa kwa msalaba mara nyingi hutoka kwa mapigo machache namna hii, kwa sababu nguvu sasa inakiendea kikombe kimoja tu badala ya kulazimika kuvihamisha viwili kwa pamoja.

Kikombe kimesogea, kisha kikasimama

Hapa ndipo yoki nyingi huharibiwa. Fundi huona kikombe cha upande wa pili kimechomoza milimita kadhaa, kisha kila kitu kinakuwa kigumu, naye hudhani ni kutu na kuongeza nguvu. Ukweli ni kwamba kiini cha msalaba kimegusa uso wa ndani wa sikio na hakina pa kwenda. Ukiendelea kukaza, unachosukuma ni sikio.

Legeza vaisi, ondoa soketi, kisha bana kikombe kilichochomoza katika taya za vaisi au kwa plaizi ya kujifunga, na uizungushe yoki huku na huku ukiivuta juu mpaka kiachie. Kikitoka, sindano zitamwagika, na hilo si tatizo maadamu krosi hii haitarudishwa. Sasa geuza upande: sukuma ncha ya mkono wa msalaba uliobaki wazi ili ukisukume nje kikombe kilichobaki. Vikombe viwili vikishatoka, msalaba huinamishwa na kupitishwa kati ya masikio.

Kikombe kimevunjika na kuacha pete ndani ya sikio

Kikombe kilicholiwa na kutu kinaweza kuachia mgongo wake na kubakiza ukuta wa mviringo tunduni. Msumeno wa kawaida hauwezi kukata chuma hicho kigumu. Tumia jiwe dogo la kusagia kuchimba mstari mmoja kutoka ndani ya pete, usifike kwenye ukuta wa tundu, kisha gonga ukingo wa pete kwa tindo nyembamba: pete itapasuka pale ilipopungua na kujikunja kuelekea ndani. Mwenye mashine ya kuchomelea ana njia nzuri zaidi, yaani kupitisha mshono mwembamba kuzunguka ndani ya pete, kwani mshono unapopoa hujivuta na kuipunguza pete mpaka inatoka karibu bila kugongwa.

Kusoma krosi iliyotoka na kukagua yoki

Usiitupe krosi kabla ya kuifuta na kuitazama. Mikono yenye mifereji midogo inayolingana na nafasi za sindano inaonyesha kwamba sindano zilipiga mahali palepale kwa muda mrefu, ama kwa mzigo mzito, ama kwa kukosa grisi, ama kwa shafti iliyonyooka mno. Sindano zinahitaji pembe ndogo, walau nusu digrii, ili ziviringike na kujipaka grisi. Kwa upande mwingine, pembe inayozidi digrii 3 katika mwendo wa kawaida hufupisha maisha ya krosi, na hali hiyo hutokea mara kwa mara katika magari yaliyoinuliwa springi. Rangi ya samawati juu ya chuma ni alama ya joto kupita kiasi. Mkono mmoja ukiwa mkavu na mitatu ikiwa na grisi, sili ya kikombe hicho ndiyo iliyoachia.

Safisha matundu ya yoki kwa msasa mwembamba, kiasi cha kuondoa kutu na vinundu tu. Kikombe kipya kikiingia kwa kidole bila mbano wowote, tundu limepanuka na yoki inahitaji kubadilishwa. Kulitoboatoboa kwa panchi ili libane tena hakudumu. Pitisha pia kipande cha chuma mviringo kilichonyooka katika matundu yote mawili kwa pamoja. Kikipita la kwanza na kukwama kwenye mdomo wa la pili, sikio limepinda.

Krosi mpya ni ngumu kuzungusha, au klipu ya mwisho haiingii

Klipu ya mwisho ikikosa mfuo kwa unene mdogo, karibu wakati wote ni sindano iliyoanguka na kulala kitakoni mwa kikombe. Toa kikombe, irudishe sindano mahali pake kwa grisi, na uanze tena. Kulazimisha klipu kutavunja sindano na kukwaruza mkono wa msalaba. Ikiwa klipu zote zimeingia lakini krosi inasita inapokunjwa, vikombe vimekandamizwa kuelekea ndani kuliko inavyotakiwa. Ligonge kila sikio pigo moja la wastani kwa nyundo laini, ili kikombe kirudi nje na kuegemea klipu yake. Krosi ikae sawa ikikunjwa pande zote mbili kwa mkono, ikiwa na ukinzani mwepesi unaolingana. Ikibaki ngumu upande mmoja tu baada ya hapo, rudi kwenye kipimo cha masikio, kwa sababu yoki hiyo imepinda na krosi mpya itakufa humo mapema.